Wa Mwisho Kwenye Mfereji

Tangu alfajiri nilikuwa nimejaribu viti vinne na vyote vilinishinda. Cha jikoni kilikuwa kigumu, cha sebuleni kikanimeza, cha barazani kikanipigisha upepo wa Bahari ya Kaskazini mpaka meno yakagongana, na cha nne kilikuwa ukingo wa kitanda, ambao si kiti. Nikaamua kutembea. Nyumba niliyopewa na Shirikisho la Ulaya ina hatua kumi na tisa kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na asubuhi ile nilizipiga mpaka visigino vikalalamika.

Saa sita kamili mchana nilitakiwa kusimama mbele ya watu mia nne, niingize ufunguo kwenye tundu, niuzungushe nusu mzunguko kulia, na Ulaya iwe dola kuu ya dunia. Hivyo tu. Mkono wenyewe una baridi yabisi.

Naitwa Namsifu Mrutu, mjane, miaka sitini na miwili, mtaalamu mstaafu wa hali ya hewa kutoka milima ya Upare. Najitambulisha mapema kwa sababu magazeti ya huku yamezoea kuniita Mama wa Mvua, na hilo jina linanikera kuliko baridi yabisi. Funguo zilikuwa saba, na wenye funguo tulikuwa saba, hakuna hata mmoja aliyezaliwa Ulaya. Jumatatu alizungusha mchungaji wa Mongolia. Jumanne bibi mmoja wa Bolivia, akalia machozi ya furaha mbele ya kamera. Wakaendelea hivyo, mmoja kila siku, hadi Jumamosi. Mimi nilibaki wa mwisho, Jumapili, na kengele za makanisa ya mji huu wa Middelburg zilianza kunisumbua kabla hata sijapata chai.

Nje, watu walikuwa wameshajaa kwenye uwanja wa soko, kila kundi upande wake. Upande mmoja mabango yalisema Ulaya ipate meno. Upande wa pili yalisema Ulaya ibaki bustani, ipande maua yake na iwaache wengine na mbingu yao. Walikuwa wanarushiana maneno kwa adabu, kama wanavyofanya huku, wanapokezana kipaza sauti kimoja. Sijawahi kuona watu wanaogombana kwa foleni.

Wiebe aliingia bila kubisha, mkate kwapani na jibini mfukoni mwa koti. Wiebe Terpstra ni mrefu kiasi kwamba huinama hata pasipo na mlango, na tumefahamiana miaka ishirini na miwili, tangu mkutano wa maji Dodoma. Ndiye aliyeandika sheria ya funguo. Aliniangalia nikizunguka meza, akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula kilomita mbili.

Tulianza ubishi wetu wa siku zote. Yeye alisema mataifa mawili makubwa yameshaanza kujenga miavuli yao wenyewe angani, kama huu wa Ulaya wa vioo vya kukinga jua, na hayajamuuliza mtu yeyote kitu. Ulaya ikiendelea kuwa chama cha watu wastaarabu wanaoomba ruhusa kila msimu, miaka kumi ijayo mbingu itakuwa ya wengine. Akanikumbusha mwaka jana, jinsi tulivyokaa siku kumi na moja tukipigia kura kivuli kimoja cha kupoza bahari huku kimbunga kikizidi kunenepa kwenye Ghuba ya Bengali. Kivuli kilifika siku ya kumi na mbili. Maiti zilihesabiwa kwa wiki tatu.

"Dola itakuwepo tu, Namsifu," alisema. "Swali ni kama itakuwa yenye aibu au isiyo na aibu. Sisi angalau tuna aibu."

Nilimjibu kwamba mara ya mwisho walipokaa mezani kugawana vitu vya watu hawakutualika, na safari hii wametualika na chai wametupa, kwa hiyo maendeleo yapo. Alicheka, lakini masikio yalimwiva. Nikamwonea huruma. Ukweli ni kwamba asubuhi ile nilikuwa upande wake. Nilikuwa nimeona picha za Bengali, na nilikuwa nimeamua kuzungusha.

*

Lazima nieleze habari ya mfereji, maana kila kitu kimetoka pale.

Kijijini kwetu Kwekoko maji ya kijito tunayakusanya kwenye bwawa la mawe na udongo tunaloliita ndiva. Ndiva hujaa usiku. Asubuhi mtu mmoja huchomoa kizibo, na maji hushuka kwenye mfereji, shamba baada ya shamba, kila mtu na zamu yake. Anayeshika kizibo huchaguliwa kwa sifa moja. Si elimu, si umri, si kusali sana. Shamba lake liwe la mwisho kwenye mfereji. Huyo maji yasipomfikia anajua kuna shamba huko juu limekunywa mara mbili, na atapanda mlima na jembe begani kwenda kuuliza. Baba yangu alishika kizibo miaka thelathini. Baada ya shamba letu ilikuwa miiba, na njia ya kushukia tambarare ya Kavindo.

Nilimsimulia Wiebe haya Dodoma, tukiwa tumekaa nje ya ukumbi tukila mishikaki. Aliandika kwenye kitambaa cha karatasi. Miaka kumi na sita baadaye, Shirikisho lilipomaliza kujenga Mwavuli na dunia nzima ikashika roho mkononi, alinitumia rasimu ya sheria. Kifungu cha Nne kilisema: funguo za Mwavuli zitashikwa na watu wa mwisho kwenye mfereji. Yalikuwa maneno ya baba yangu, ndani ya katiba ya Ulaya. Nilikaa chini nikalia, na siku ile viti havikunishinda.

Ndiyo maana saa tatu asubuhi, Wiebe alipokuwa anakata mkate, nilimpigia simu ndugu yangu Senkondo. Nilitaka kusikia sauti ya nyumbani kabla ya kwenda kufanya jambo kubwa hivi. Nilitaka baraka, kusema kweli.

Senkondo ni mdogo wangu na hajawahi kunionea haya. Aliniuliza kama nimevaa viatu vya kufunika vidole au nitaiaibisha familia. Akanipa habari: mahindi magotini, maharage yametambaa, ndiva imefurika mpaka wamechimba njia ya kumwagia. Mwaka wa sita mfululizo, dada, hatujakosa msimu. Nikamwambia ashukuru. Akasema wanashukuru, ila wanachoka kidogo na foleni ya wageni, sasa imebidi kamati iweke bomba la pembeni.

Nikauliza wageni gani.

"Watu wa chini, wa Kavindo. Wanapanda na madumu. Tangu mwaka juzi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uhangaike bure ukiwa huko? Tunawapa, dada, hatujamnyima mtu. Wanasubiri wenyeji wamalize, kisha wanachota. Wifi yako Nakijwa huja Jumatano na Jumapili. Leo atakuwepo."

Nilimwambia narudi kumpigia, nikakata. Wiebe akaniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu, nikatoka na koti mkono mmoja haujaingia.

Nakijwa ni dada wa marehemu mume wangu. Kavindo ndiko nilikoolewa. Wakati ule tambarare ilikuwa ghala letu sisi wa mlimani. Mwaka ukiwa mbaya, baba mkwe alikuwa anatuma mtama na maharage ya fiwi kwa punda, magunia sita, na punda anarudi na ndizi. Na sasa Nakijwa, mwenye miaka zaidi ya sitini kama mimi, anapanda kilomita kumi na nne na madumu kuomba maji ya kunywa. Kwa mtaalamu wa hali ya hewa, mlima na tambarare yake kugawanyika hivyo miaka sita mfululizo si bahati mbaya. Kuna mkono.

*

Jumba la Vioo, ambako mafundi huongozea Mwavuli, liko nyuma ya boma la kuzuia bahari, nusu saa kwa mguu. Nilitumia dakika ishirini. Zamu ilikuwa ya Ornella, fundi wa Kiitalia mwenye miwani ya kuning'inia, ambaye hunikumbatia hata tukiwa tumeonana jana. Alidhani nimekuja kutuliza moyo kabla ya sherehe, akaniletea maji. Nikamwomba anionyeshe Upare.

Mwavuli una safu mbili. Ya juu iko mbali sana, kati ya dunia na jua, vioo elfu thelathini na moja vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kazi yake ni kupunguza joto la sayari nzima. Hiyo haina ugomvi. Ugomvi uko kwenye safu ya chini, vioo elfu nne vinavyozunguka karibu, ambavyo vikiinamishwa vinaweza kutia kivuli sehemu ya ukubwa wa wilaya. Ukipoza sehemu moja ya bahari wiki tatu, na sehemu moja ya nchi kavu ukaiacha ipate joto, upepo wenye unyevu unabadilisha njia. Mvua haitengenezwi, huhamishwa. Tone linaloanguka kwako lilikuwa lianguke kwa mtu mwingine. Hili nimelifundisha darasani miaka ishirini.

Ornella alifungua ramani ya misimu sita. Kwekoko ilikuwa doa la kijani lililokoza, la mviringo mzuri, kama sahani. Kuizunguka sahani, upande wa tambarare, rangi ilikuwa ya udongo uliopasuka.

Nikamwambia aonyeshe kwa yule mchungaji wa Mongolia. Sahani ya kijani, ukingo wa kahawia. Bolivia, vilevile. Niliomba zote saba, na zote saba zilikuwa zimechorwa na mkono mmoja.

Nikamuuliza ni nani anayefanya hivi. Aliona ni swali la pongezi. Uso wake uling'aa, na hapo ndipo niliumia zaidi.

"Mimi mwenyewe naipanga Kwekoko, kila msimu, kwa mkono," alisema. "Kiko kifungu kidogo, cha tisini na mbili. Nyumbani kwa wenye funguo pasipungukiwe. Ninyi ni wageni wetu. Mnakaa mbali na watu wenu kwa ajili yetu, tungewezaje kuacha mashamba yenu yakauke?"

Mezani kwake alikuwa na picha ya ndiva yetu, aliyotumiwa na Senkondo. Ameiwekea fremu.

Hapakuwa na rushwa wala njama. Ningepata njama ningefurahi, ningepiga kelele na mtu angefungwa. Hili lilikuwa kosa la watu wenye adabu, watu ambao hawawezi kumkaribisha mtu mezani bila kumpa sahani yake kwanza. Walikuwa wametafuta watu saba wa mwisho kwenye mfereji, wakawapa ufunguo, kisha kwa ukarimu wao wakawahamishia mashamba yao juu kabisa, penye kizibo. Halafu wakatuuliza, kila msimu kwa miaka sita, kama maji yanafika. Na sisi tulijibu yanafika. Yule bibi wa Bolivia alilia kwa furaha ya kweli.

Nimekula mvua ya wifi yangu miaka sita, nami nilikuwa natoa hotuba.

*

Wiebe alinikuta juu ya boma, nikitembea huku na huku mbele ya kondoo waliokuwa wananishangaa. Ornella alikuwa amempigia. Hakujifanya hajui kifungu cha tisini na mbili. Alikumbuka siku waliyokipitisha, dakika tano kabla ya chakula cha mchana, kwa kauli moja, na jinsi kila mtu alivyojisikia mwema. Ramani ndiyo hakuwahi kuomba kuiona. Alikaa kwenye nyasi, magoti yakimfika masikioni, akang'oa majani moja moja.

Kisha akainua kichwa, na nikajua amepata hoja. Namfahamu.

Aliniambia nifikirie vizuri. Nikikataa, utaratibu wa sasa unaendelea. Ratiba ya msimu huu imeshafungwa, na kuibadilisha kunahitaji kura za nchi thelathini na nne na wenye funguo saba, miezi minne wakikimbia. Masika ya Kavindo yatakuwa yamepita. Lakini nikizungusha, kuanzia saa saba mchana hakuna kura tena. Ulaya itakuwa na Mamlaka ya Kudumu juu ya Mwavuli. Yeye mwenyewe ataingia ofisini kwa Rais na ramani ile mkononi, na jioni Ornella atainamisha vioo. Mvua Kavindo ndani ya siku kumi.

"Siku kumi," alirudia. "Kwa wifi yako. Na kwa wale wote walio kwenye ukingo wa kahawia, sehemu zote saba. Unataka wasubiri kwa sababu ya usafi wa sheria?"

Hoja ilikuwa nzuri, na niliichukia kwa uzuri wake. Mvua ya siku kumi ni mtama. Mvua inayokosekana ni mwaka mwingine wa madumu, ni watoto kuacha shule, ni Nakijwa kuuza mbuzi aliyebaki. Mimi si mtu wa kanuni. Nikiona mtoto ana kiu nampa maji, sianzi kuuliza kisima cha nani. Nilisimama pale upepo ukinivuruga kilemba na nikaona mkono wangu ukizunguka nusu mzunguko hewani, wenyewe, kama unajaribu.

Kilichonizuia ni yeye, masikini, na uso wake mwema. Alikuwa amekaa palepale kwenye nyasi akiwa tayari kumrekebishia Nakijwa maisha jioni ile, na bado hakuna aliyekuwa amezungumza na Nakijwa. Tulikuwa tumegundua kosa la kumsahau, na dawa tuliyoipata ni kumtendea wema mwingine bila kumuuliza. Leo tungempa mvua. Kesho, nani angejua? Angepanda mlima gani na jembe begani, kama mlima wenyewe uko angani?

Nilijaribu kumwambia Wiebe hivyo, maneno yakatoka vipandevipande. Akaniuliza basi nitafanya nini. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Nilichofanya ni kumpigia Senkondo tena. Nilimwomba aende akakae karibu na bomba la wageni, asiondoke, simu isizimike. Akauliza kama nataka kuongea na wifi yangu. Nikasema bado. Sikuwa na uso wa kuongea naye.

*

Ukumbi ulikuwa wa mviringo, wenye dari ya kioo, na kiti changu kilikuwa mbele kabisa chenye mto wa buluu. Sikukikalia. Wafanyakazi wa itifaki walinionyesha kiti mara tatu kwa mikono na tabasamu. Wenzangu sita walikuwa wamekaa, wamependeza. Kila mtu alikuwa na kifaa cha kutafsiri sikioni, ili kila neno lifike kwa kila mtu kwa lugha yake.

Rais Maarja Tamm alisimama. Ni mama mdogo wa mwili kutoka Estonia, mwalimu wa hesabu zamani, na husoma hotuba kama anayesahihisha mtihani. Nilikuwa nampenda, na bado nampenda. Alizungumza dakika nne tu. Alisema Ulaya imewahi kutawala dunia bila aibu, kisha imewahi kuona aibu bila kufanya kitu, na leo inaomba nafasi ya kufanya yote mawili, kutenda na kuona aibu. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilitamani kupiga.

Kisha akanigeukia kuuliza swali la sheria, lile lile walilojibu wenzangu sita, lile alilolitunga Wiebe kutoka kwenye kitambaa cha karatasi cha Dodoma.

"Mtu wa mwisho kwenye mfereji, unaridhia?"

Jibu lilikuwa neno moja. Ufunguo ulikuwa mkononi, umepata joto la kiganja. Nikauingiza kwenye tundu. Ukaingia vizuri, laini, wataalamu walikuwa wameutia mafuta.

"Sijui, mheshimiwa," nilisema. "Hayupo hapa."

Rais alirudia swali, akidhani kifaa kimekosea. Nikamwambia nimesikia. Nikaeleza, nikiwa nimesimama, mkono wangu ukiwa bado juu ya ufunguo. Nilieleza kifungu cha tisini na mbili na sahani saba za kijani. Niliwaambia wenzangu sita, mmoja mmoja kwa jina, wawapigie simu majirani zao, si ndugu zao. Bibi wa Bolivia aliweka mkono mdomoni. Sikumtukana mtu. Nilisema tumefanyiwa ukarimu, na ukarimu huo umetuhamisha pale tulipokuwa, na sheria ya nchi yenu inasema ufunguo ni wa mtu wa mwisho. Mimi si wa mwisho tena. Nina miaka sita si wa mwisho. Kwa hiyo huu ufunguo siwezi kuuzungusha, na siwezi kukataa kuuzungusha pia. Si wangu.

Kelele zilizofuata zilikuwa za adabu mwanzoni, kisha hazikuwa. Upande wa meno walisema ni hila ya kuchelewesha. Upande wa bustani walishangilia kana kwamba nimewashindia mechi, na hao waliniudhi zaidi, kwa sababu wangeenda nyumbani kumwagilia maua yao na Kavindo ingebaki vilevile. Mshauri mmoja alimnong'oneza Rais aahirishe kikao. Wiebe alisimama katikati ya watu, mrefu, akasema kwamba sheria ni yake na mwanamke huyu ameisoma sawasawa. Kisha akakaa na kufunika uso.

Rais Tamm aliwaacha wapige kelele. Alishuka ngazi mbili, akanijia karibu, akauliza taratibu, "Ni nani wa mwisho?"

"Wako wengi, kwenye kingo zote saba. Kwa mfereji wangu, anaitwa Nakijwa Mgonja. Yuko kwenye foleni ya maji, na ndugu yangu yuko naye."

"Nimuulize nini?"

"Uliloniuliza mimi. Ila mwambie yote. Akiridhia, mvua siku ya kumi. Na kwamba baada ya hapo hakuna atakayemuuliza tena."

Mshauri alisema hakuna utaratibu wa jambo hilo. Rais alimjibu bila kumtazama kwamba sasa upo. Akanyoosha mkono, nami nikampa simu yangu, hii hii yenye kioo kilichopasuka pembeni. Fundi aliiunganisha na spika za ukumbi na mtambo wa kutafsiri. Ilipoita mara moja Senkondo alipokea, akasema dada, nikasema mpe wifi. Tulisikia upepo wa mlimani, na punda, na watu wakizungumza Kipare kwa mbali.

"Nani?" Nakijwa alisema. Sauti ilikuwa imekwaruza kuliko nilivyoikumbuka. Nilitaka kusema ni mimi, nikajizuia.

Rais wa Shirikisho la Ulaya alijitambulisha, akaeleza. Hakupunguza kitu. Alisema kuhusu vioo na kuhusu kifungu. Alisema tumekuchukulia mvua yako miaka sita bila kukusudia, na akaomba radhi. Alisema siku kumi. Alisema na hili la mwisho, kwamba ukisema ndiyo, hatutakuwa na wajibu wa kukuuliza tena, wewe wala mwingine. Ilimchukua dakika tatu. Alipomaliza, karatasi ya hotuba ilikuwa imekunjamana mkononi mwake.

Nilifikiri simu imekatika.

"Mama," Nakijwa alisema, "subiri kidogo. Zamu yangu imefika."

Tulisikia simu ikiwekwa juu ya jiwe. Tukasikia dumu likiburutwa, kifuniko kikifunguliwa, kisha maji. Yalianza kwa mlio mkubwa wa dumu tupu, yakapanda polepole, sauti ikibadilika kadiri yanavyojaa. Rais Tamm alisimama ameshika simu kwa mikono miwili, dola kuu nzima ikisubiri nyuma yake, na hakusogea. Dumu la kwanza likafungwa. La pili likasogezwa.

Sikujua Nakijwa angejibu nini, na sijawahi kuwa na hofu kubwa kama ile. Angeweza kusema ndiyo, na angekuwa na haki. Lakini miguu yangu ilikuwa imechoka, na kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilitoa mkono kwenye ufunguo, nikauacha palepale kwenye tundu, nikaenda kukaa kwenye kile kiti chenye mto wa buluu. Kilikuwa kizuri.

Dumu la nne lilipofungwa, tulisikia mikono ikikung'utwa maji, kisha simu ikiokotwa.

"Haya mama, nimerudi," alisema Nakijwa. "Anza tena mwanzo, polepole. Na pale uliposema hamtaniuliza tena, ukifika pale, parudie mara mbili."

Rais akavuta pumzi, akaanza upya.